Nina faibroidi na naanza ausbildung Ujerumani, bima ya afya nifanyeje?

Swali: Habari dada. Mimi ni Mkenya wa Kilifi, miaka 29, nilikuja Ujerumani mwezi wa pili kusoma lugha na tarehe 1 Oktoba naanza ausbildung ya uuguzi, yale mafunzo ya kazi ya kulipwa. Bima niliyo nayo ni ile ile ya viza, ya bei rahisi. Juzi nilienda kwa daktari sababu ya kutokwa damu nyingi nikiwa kwenye siku zangu, akanipiga skani akasema ni faibroidi, uvimbe kwenye kizazi, na pengine kizazi kitolewe. Bima imekataa kulipa bili ya yuro 186, wanasema ugonjwa nilikuja nao. Alafu kuna jamaa ananiambia nichukue bima ya praiveti haraka, ati mifuko ya kawaida itanikataa ikijua nina faibroidi. Nyumbani nina mtoto wa miaka 6 anayeishi na mama yangu, nao nataka kuwaweka kwenye bima. Nianzie wapi?

Jibu: Mdogo wangu, pole sana. Kutokwa na damu hivo ukiwa peke yako ugenini, lugha bado hujaikamata vizuri na mezani kuna bili, najua usiku unakuwa mrefu. Mimi nilikuwa muuguzi hapa kabla sijaingia kwenye kazi ya kushauri wahamiaji na dada zetu wengi nimewaona wakivumilia tu kwa kuogopa bili. Kwa hivyo kabla sijagusa bima nakwambia hili: ukiona pedi inajaa ndani ya saa moja na inaendelea hivo hivo, au kizunguzungu, au moyo unakwenda mbio na unakosa pumzi, usingoje Oktoba wala usingoje jibu la mtu yeyote, piga 112 au nenda imajensi ya hospitali, bili tutapambana nayo baadaye. Na kama haijafika huko bado, mwambie daktari akupime damu aone kiwango cha hemoglobini na madini ya chuma, manake wengi wanatembea na upungufu wa damu wakidhani ni uchovu wa masomo na baridi.

Sasa huyo jamaa. Usisaini chochote alichokuletea. Alichokwambia ni kinyume cha sheria ilivyo. Mwanafunzi wa ausbildung anayelipwa mshahara ni lazima awe kwenye mfuko wa bima wa kisheria, ule Wajerumani wanaouita gesetzliche Krankenkasse, na mfuko huo hauna ruhusa kukukataa kwa sababu ya ugonjwa wowote ule, uwe na faibroidi, kisukari, selimundu, virusi, chochote. Hawakuulizi hata. Fomu yao inataka jina, anwani, mwajiri, tarehe ya kuanza na mambo kama hayo, hakuna sehemu ya kujaza magonjwa. Bima ya praiveti ndiyo inayouliza magonjwa alafu inapandisha bei au inakataa, na mfanyakazi wa kuajiriwa haruhusiwi kuingia huko mpaka mshahara wake upite kiwango fulani, mwaka 2025 kilikuwa yuro 73,800 kwa mwaka. Wewe wa ausbildung hufiki hata robo yake. Kwa hivyo huyo anatafuta kamisheni tu, au hajui anachouza, na vyote viwili vinaumiza watu. Nimeona watu waliojifungia praiveti wakiwa vijana na wakishapita miaka 55 mlango wa kurudi unakaribia kufungwa kabisa, wanalipa pesa ambazo pensheni yao haiwezi kubeba.

Tofauti ya hizi bima mbili inafaa uielewe vizuri, sababu shida yako yote imetokea hapo. Ile uliyokuja nayo ni bima ya safari. Imetengenezwa kumsaidia mgeni aliyevunjika mguu au aliyepata homa ya ghafla, na karibu zote zimeandika kwa maandishi madogo kwamba ugonjwa uliokuwepo kabla hujaingia hawalipi, meno wanalipa ya kutuliza maumivu tu, ujauzito kwa masharti. Inatosha kupata viza lakini kuishi nayo ni kuomba Mungu usiugue. Ya pili ni tofauti kabisa, ni mchango wa pamoja, ilianza na sheria ya Bismarck ya 1883 na leo karibu watu 9 kati ya 10 nchi hii wako humo. Unachanga kulingana na mshahara, unatibiwa kulingana na ugonjwa. Ukianza tarehe 1 Oktoba, tarehe hiyo hiyo umeingia, na faibroidi zako zimeingia nawe, hakuna kipindi cha kungoja.

Mifuko iko zaidi ya 90, mikubwa utasikia majina kama TK, AOK, Barmer na DAK, na watu wanapoteza wiki nzima kwenye makundi ya WhatsApp wakibishana upi bora. Sehemu kubwa sana ya matibabu imewekwa na sheria, ni sawa kote. Kinachotofautiana ni kile kiasi cha nyongeza kila mfuko unachojipangia, huduma ya simu, kama wanajibu kwa Kiingereza, na vitu vidogo kama kurudishiwa pesa za chanjo za safari. Wewe chagua unaoweza kuongea nao na usiwe wa gharama kubwa, baada ya miezi 12 unaweza kuhama, na mfuko wenyewe ukipandisha nyongeza yake unaweza kuhama hata kabla. Usingoje Oktoba lakini. Jiandikishe sasa hivi Septemba kwenye intaneti, waambie naanza tarehe 1, watakutafutia na ile namba ya hifadhi ya jamii kama huna, na barua yao ya uthibitisho utaihitaji pia ofisi ya wageni unapobadilisha kibali. Sheria inakupa wiki mbili tangu kuanza kazi umwambie mwajiri umechagua mfuko gani, ukikaa kimya atakuchagulia yeye.

Makato yake sasa, usije ukashtuka ukiona karatasi ya mshahara wa kwanza. Mchango wa afya ni asilimia 14.6 pamoja na ile nyongeza, wastani wa nyongeza mwaka 2025 uliwekwa asilimia 2.5, na mwajiri analipa nusu ya vyote. Tuseme mshahara wako kabla ya makato ni yuro 1,400, nyongeza ya mfuko wako iwe hiyo 2.5, wewe utakatwa kama yuro 120. Kuna na bima ya matunzo, ile ya uzeeni na ulemavu, Pflegeversicherung, nusu yako ni asilimia 1.8, hapo ni yuro 25 na senti kidogo. Na hapa nisikilize vizuri, manake hili hakuna anayewaambia: mtu aliyepita miaka 23 asiye na mtoto anaongezewa asilimia 0.6, anaibeba yeye peke yake, mwajiri hachangii. Wewe una mtoto. Kwamba anaishi Kilifi haibadilishi kitu, wewe ni mzazi. Lakini usipopeleka ushahidi watakuhesabu huna mtoto na utakatwa yuro 8.40 kila mwezi, kwa miaka mitatu ya ausbildung ni zaidi ya yuro 300, nauli ya watu hiyo. Mwambie mama akutumie cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mpe mwajiri na mfuko wa bima nakala, wakitaka tafsiri ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa.

Tukirudi kwa bili yako ya 186. Mfuko mpya hautailipa, matibabu ya kabla ya tarehe 1 Oktoba si yao, kwa hivyo hiyo ni vita na bima ya safari. Usiitupe kwenye droo. Hapa bili isiyojibiwa inazaa barua ya onyo, onyo linazaa kampuni ya kukusanya madeni, na kila hatua inaongeza gharama juu. Piga simu kliniki au waandikie imeli leo, waambie unagombana na bima na unaomba kulipa kidogo kidogo, hata yuro 30 kwa mwezi, neno lao ni Ratenzahlung, kliniki nyingi zinakubali mtu akiongea mapema. Alafu soma mkataba wa bima yako mahali pa magonjwa ya awali. Mikataba mingi inasema ugonjwa uliojulikana au uliotibiwa kabla ya kuanza. Kama faibroidi hukuwahi kuambiwa Kenya, hukuwahi kupimwa wala kutibiwa, basi muombe daktari akuandikie kwamba zimegunduliwa mara ya kwanza siku ile, utume na barua ya kupinga. Wakikataa tena, kwenye karatasi za mkataba wameandika ni Ombudsmann yupi anapokea malalamiko yao, na kumlalamikia ni bure. Ila usidanganye. Kama Kilifi ulishapigwa skani na ukaambiwa, hii bili lipa taratibu uimalize, nguvu zako zibaki kwa matibabu.

Ya kizazi kutolewa ndiyo imenikaa moyoni tangu nisome ujumbe wako. Una miaka 29. Simjui daktari wako na sijaona picha zako, kwa hivyo siwezi kusema amekosea, lakini faibroidi zinatupata sisi wanawake Waafrika sana na mapema, na njia si moja. Kuna kutoa uvimbe wenyewe kizazi kikabaki, kuna kuziba mishipa ya damu inayozilisha, kuna dawa za kupunguza damu, na mara nyingine ni kuangalia tu, inategemea ziko wapi, ukubwa gani, na wewe unataka kuzaa tena au la. Sasa sheria hapa inakupa kitu kizuri: mwanachama wa mfuko wa kisheria akipendekezewa kuondolewa kizazi kwa upasuaji usio wa dharura, ana haki ya kwenda kwa daktari wa pili aliyeidhinishwa atoe maoni yake, mfuko unalipa, na daktari wa kwanza anatakiwa akufahamishe haki hiyo angalau siku 10 kabla ya upasuaji. Inaitwa Zweitmeinung. Kwa hivyo kama hali yako si ya dharura, usikubali tarehe yoyote ya operesheni kwa sasa. Omba nakala ya ripoti na picha za skani, ni haki yako kupewa, uziweke. Oktoba uende kwa daktari wa pili ukiwa na karatasi mkononi. Mimi nilishamsindikiza binti mmoja aliyekuwa ameshasaini, wa pili akamwambia zinaweza kutolewa zenyewe, na leo ana kizazi chake.

Namna ya kutibiwa humu ndani ni tofauti na kwetu. Kule mtu akiugua anajipeleka hospitali kubwa anapanga foleni, hapa hospitali ni ya mwisho. Tafuta kwanza daktari wa familia karibu na unapoishi, Hausarzt, ukiwa mzima, sababu wengi hawapokei wagonjwa wapya na ukianza kutafuta ukiwa na homa utalia. Yeye ndiye anakupa rufaa ya kwenda kwa mabingwa. Daktari wa wanawake na wa macho unaweza kwenda bila rufaa. Apointimenti za mabingwa zinachelewa, miezi miwili mitatu ni kawaida, kwa hivyo muulize Hausarzt akuandikie rufaa yenye namba ya haraka, alafu piga 116117, wao wana wajibu wa kukutafutia bingwa ndani ya wiki nne, japo hutachagua yupi. Namba hiyo hiyo ndiyo ya usiku na wikendi kwa ugonjwa usio wa kufa, 112 ni ya hatari ya maisha. Ukienda imajensi na kikohozi cha siku tatu utakaa kwenye kiti masaa sita, na sio kwamba wanakubagua, wanapokea kwa uzito wa ugonjwa. Kubagua kupo, sitakuficha, nimeshasikia maumivu ya mwanamke mweusi yakichukuliwa kama makelele, na ikikutokea sema waziwazi maumivu ni ngapi kati ya kumi na uombe yaandikwe kwenye faili lako.

Kadi ya bima inachelewa, wanataka picha yako kwanza, kwa hivyo tuma picha mapema. Ukiugua kabla haijafika, pigia mfuko wakutumie cheti cha muda, Ersatzbescheinigung, mara nyingi wanakituma siku hiyo hiyo moja kwa moja kliniki. Ukienda bila kadi na bila cheti na ukashindwa kuleta ndani ya siku 10 wana haki kukuandikia bili ya praiveti, na hiyo unaweza kurudishiwa ukileta uthibitisho kabla robo ya mwaka haijaisha. Kadi inaskaniwa mara moja kila miezi mitatu kwa kila kliniki. Na dawa siku hizi, tangu Januari 2024, hazina karatasi, daktari anaingiza kwenye mfumo na wewe unapeleka kadi famasi. Pale unachangia asilimia 10 ya bei, si chini ya yuro 5 wala zaidi ya 10, kulazwa ni yuro 10 kwa siku mwisho siku 28 kwa mwaka. Weka risiti zote. Michango yako ikipita asilimia 2 ya kipato cha mwaka, au asilimia 1 kama una ugonjwa sugu uliothibitishwa, unaomba usamehewe iliyobaki, wengi hawaombi kwa sababu hawajui.

Ukiwa kwa daktari wa wanawake watakuwekea karatasi usaini ya vipimo vya ziada vya kujilipia, skani ya ovari kwa mfano, huitwa IGeL. Si lazima. Uliza tu, nikikataa mfuko unalipa nini? Wewe una ugonjwa unaojulikana, skani ya kufuatilia faibroidi ni matibabu na ni ya mfuko, usikubali kuilipia kama nyongeza.

Meno pia, najua Waafrika wenzangu meno tunayaacha mpaka yatoboke. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikaa na jino bovu miezi mitatu nikiogopa bili, kumbe kung'oa na kuziba kwa kawaida mfuko unalipa. Taji na madaraja ndiyo wanalipa sehemu, asilimia 60 ya gharama ya kawaida iliyowekwa. Lakini mwenye kipato kidogo analipiwa hiyo ya kawaida yote, mwaka 2025 kiwango kilikuwa yuro 1,498 kwa mwezi kabla ya makato kwa mtu anayeishi peke yake, kwa hivyo mwanafunzi wa ausbildung wa 1,400 anaingia. Neno la kuombea ni Härtefall, na unaomba kabla jino halijashikwa.

Ukiumwa ukiwa umeshaanza kazi, mpigie mwajiri asubuhi hiyo hiyo kabla ya zamu, si kesho. Cheti cha daktari kinahitajika kuanzia siku ya nne, ila mkataba wako unaweza kusema siku ya kwanza, usome. Mshahara unaendelea mpaka wiki sita. Ila katika wiki nne za mwanzo za ajira mwajiri halazimiki kulipa, mfuko ndio unalipa posho ya ugonjwa, kwa hivyo kama operesheni inaweza kusubiri, isogeze mpaka baada ya mwezi wa kwanza na usiogope kumweleza msimamizi wa shule, kulazwa hospitali si kosa la kufukuzwa.

Kuhusu mtoto na mama. Bima ya familia ya hapa haina gharama ya ziada lakini inamtaka mtoto awe anaishi Ujerumani. Siku ukimleta anaingia bure chini yako. Mama hawezi kuingia, wazazi hawamo kabisa. Kwa sasa wao ni wa SHA, bima ya afya ya serikali kule Kenya, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Asiye na ajira rasmi anapimwa kipato cha nyumba, anachangia asilimia 2.75 na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa ya mwaka mzima. Mama ajiandikishe kwa *147#, wewe umtumie ya mwaka, alafu aulize ofisini kwao karatasi gani zinahitajika mtoto aandikwe chini ya bibi yake, asije akakwama siku mtoto ana homa.

Barua. Kila barua ya mfuko ifungue na ujibu, hata kama huielewi, ipige picha umtumie mtu. Mfano ukiacha ausbildung katikati, bima haikatiki yenyewe, wanakugeuza mwanachama wa hiari na wanatuma fomu ya kuuliza kipato. Ukiwa huna kipato unalipa mchango wa chini, mwaka 2025 ulikuwa kama yuro 250 kwa mwezi. Usipojibu wanakuhesabia wa juu kabisa, zaidi ya yuro 1,000 kwa mwezi, na nimekaa na kijana akilia mezani kwangu kwa deni la miezi minane la namna hiyo. Tulimpunguzia kwa sababu alileta ushahidi wa kipato kabla miezi 12 haijapita. Na wakikataa ombi lako lolote una mwezi mmoja kupinga kwa maandishi, Widerspruch, sentensi moja inatosha, sababu utaleta baadaye. Ushauri wa bure uko Migrationsberatung, ofisi za kushauri wahamiaji za mashirika ya Caritas, Diakonie au AWO, karibu kila mji wapo, beba na hiyo bili yako ukienda.

Ukija kwenda nyumbani Krismasi, kadi ya hapa haifanyi kazi Kenya, nunua bima ndogo ya safari ya mwaka, zipo za chini ya yuro 20, ila angalia kama inakubali nchi uliyozaliwa. Umeza dawa za kinga ya malaria, kinga uliyokuwa nayo Kilifi inapungua ukikaa huku. Na ukirudi, homa ikikushika ndani ya wiki au miezi ya mwanzo, hata saa nane usiku, nenda imajensi na jambo la kwanza kusema pale dirishani ni kwamba umetoka Kenya na unataka kupimwa malaria sasa hivi, manake daktari wa huku asipoambiwa ataona mafua.